Kufunzwa kampeni si kutumiwa kwenye kampeni

1/ Uchaguzi ukikaribia, hoja hii hairudi nyuma: "Wanafunzi waachane na siasa, wasome." Wengine wanajibu: "Vijana ndio wengi, wafunzwe kampeni mapema." Wacha tuichambue. Kama kawaida, sitaji chama wala mwanasiasa.

2/ Marekani, likizo ndefu ni kuanzia Juni hadi Agosti. Huko wanafunzi wa sekondari na vyuo hutumia likizo hiyo kujifunza kampeni: kubisha hodi nyumba kwa nyumba, kupigia wapiga kura simu, kuandika nani anaunga mkono nani. Ni kazi ya kuchosha, na hakuna jukwaa.

3/ Mfano mzito zaidi ni wa Juni 1964, mji wa Oxford, jimbo la Ohio. Mamia ya wanafunzi wa vyuo, wengi wao wazungu, walifunzwa kabla ya kwenda Mississippi kusaidia Weusi kujiandikisha kama wapiga kura. Mwaka wa 1962, Weusi waliosajiliwa huko hawakufika hata asilimia 7 ya waliostahili.

4/ Walifunzwa jinsi ya kuongea na mtu anayeogopa kufutwa kazi akijiandikisha, na jinsi ya kukinga kichwa ukipigwa bila kurudisha ngumi. Na waliambiwa ukweli: huko mnaweza kufa.

5/ Haikuwa maneno tu. Mafunzo yakiendelea, wenzao watatu walitoweka Mississippi: James Chaney, Andrew Goodman na Michael Schwerner. Miili yao ilipatikana Agosti. Goodman alikuwa na miaka 20.

6/ Msimu huo, Weusi kama 17,000 walijaribu kujiandikisha. Waliokubaliwa ni kama 1,600 tu. Lakini nchi nzima ilikuwa imeona, na mwaka wa 1965 sheria ya haki ya kupiga kura ikapitishwa.

7/ Sasa turudi hapa kwetu. Mwaka wa 2022 mimi nilipanda pikapu ya mgombea mmoja. Nikapewa tisheti na mia tatu. Kazi: kushangilia, na kumzomea mpinzani. Sera yake sikujua hata moja. Hakuna aliyeniambia nifanye nini mawe yakianza kurushwa. Na yalirushwa.

8/ Wanaosema "waachane na siasa" wasome Katiba, Kifungu cha 38. Haki ya kusajiliwa na kupiga kura ni ya raia mtu mzima. Lakini uhuru wa kufanyia chama au hoja fulani kampeni umepewa *kila raia*. Kifungu cha 55 nacho kinaitaka serikali iwape vijana nafasi ya kushiriki siasa.

9/ Kwa hivyo swali si kama wanafunzi waguse siasa. Swali ni wanafunzwa nini. Ukialikwa "mafunzo ya vijana" likizo hii, uliza:
– Nimeelezwa hatari yote, ama nimefichwa?
– Nikikataa kufanya jambo, nitasikizwa?
– Nikihama upande kesho, ujuzi utabaki wangu?

10/ Kusoma Fomu 34A na kugundua hesabu haijumliki vizuri ni ujuzi. Utakufaa hata ukiwa wakala wa upande mwingine. Kuzomea si ujuzi. Ile tisheti yangu siku hizi inapanguza baiskeli.

11/ Wewe je, uliwahi kufunzwa ama ulipakiwa tu kama mimi? Niambie hapo chini.