Bustani Bila Jembe: Nafuu kwa Udongo na kwa Mgongo

Mgonjwa mwenye maumivu sugu ya mgongo au moyo uliodhoofu anaposhauriwa kupunguza kazi nzito, huenda jambo la kwanza analoliacha likawa bustani. Jembe huegemezwa ukutani, na mchicha uliokuwa ukichumwa nyuma ya nyumba sasa hununuliwa, au hukosekana kabisa mezani. Hasara hiyo yaweza kuepukwa, kwa kuwa bustani ya mboga hailazimu kulimwa kila msimu.

Udongo ni makazi ya viumbe hai. Nyungunyungu huchimba vijia vinavyopitisha maji na hewa. Kuvu hutandaza nyuzi zinazoshikamanisha chembe za udongo, na baadhi yake huipelekea mizizi fosforasi. Jembe hukata nyuzi hizo na kuvuruga vijia. Isitoshe, udongo uliotifuliwa hupata hewa nyingi, masalia ya mimea yaliyomo huoza upesi mno, na ardhi iliyo wazi hupigwa na mvua hadi ikafanya utando mgumu.

Namna ya kuanza ni nyepesi. Fyeka majani hadi usawa wa ardhi. Tandaza maboksi ya karatasi yaliyobanduliwa utepe wa plastiki, kingo zake zipandane, kisha uyaloweshe. Juu yake weka mboji iliyoiva, unene wa sentimita 10 hivi, upande miche, halafu ufunike kwa nyasi kavu zisizogusa mashina. Magugu yanayochomoza yang'olewe yangali machanga. Wakati wa kuvuna, kata shina na uiache mizizi ioze ardhini. Asiyeweza kuinama afanye kazi akiwa ameketi juu ya kigoda, na mboji abebewe na jamaa zake.

Hata hivyo, tahadhari zinahitajika. Kivuli na unyevu unaowafaa nyungunyungu huvifaa pia viluwiluwi vya minyoo ya safura, ambavyo hupenya ngozi ya mguu mtupu. Kwa hiyo viatu ni vya lazima, na kinyesi cha binadamu au samadi mbichi visitumike kamwe. Mbegu za bakteria wa pepopunda huweza kuishi udongoni kwa miaka mingi. Jeraha lolote lioshwe kwa maji na sabuni, na mgonjwa afike kituoni ili chanjo yake ihakikiwe. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni avae viatu vilivyofunika vidole, tena akague nyayo zake kila jioni.

Kwa wahudumu wenzangu: kabla ya kumwambia mgonjwa aache kulima, muulizeni analima nini na kwa namna gani. Huenda anachopaswa kukiacha ni jembe tu, naye akaendelea kuchuma mboga zake mwenyewe.