Mzigo wa Mpanda Mlima

Wengi wetu tumekwisha kuuona mlima wa Kilimanjaro kwa mbali, wakati wa asubuhi, mawingu yanapofunuka na Kibo kung'aa kwa barafu yake; lakini walioupanda ni wachache. Kila mwaka vijana wa shule na vyuo hutuuliza, "Mwalimu, tukienda huko tuchukue nini?" Leo tumekusudia kulijibu swali hilo, maana tumeona kwamba mtu huweza kushindwa na mlima kabla hajatoka nyumbani kwake, kwa namna alivyofunga mzigo wake.

Kwanza yafaa tuijue baridi yenyewe. Kadiri mtu apandavyo hewa hupoa, nayo hupungua joto kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000. Mji wa Moshi u karibu mita 900 juu ya bahari; kilele cha Uhuru, juu ya Kibo, ni mita 5,895. Basi siku ile watu wa Moshi wanapopata joto la nyuzi 25, huko juu maji huganda. Na usiku, penye upepo, baridi huzidi sana. Tena njiani mtu hupita migomba na kahawa, kisha msitu wa mvua, kisha vichaka, kisha jangwa la mawe, ndipo afike penye barafu. Kwa siku 5 au 6 hupita kama katika nchi nyingi, na kila nchi ina vazi lake.

Kwa sababu hiyo koti moja nene halitoshi. Hapana budi kuvaa nguo juu ya nguo. Ya ndani igusayo mwili iwe ya sufu nyepesi, au ya kitambaa kikaukacho upesi. Ya katikati iwe sweta zito. Ya nje iwe koti na suruali zisizopitisha mvua wala upepo. Hewa iliyonaswa kati ya nguo na nguo ndiyo blanketi halisi. Ukipata joto, vua moja kabla hujatoka jasho. Ukisimama kupumzika, vaa tena kabla hujatetemeka.

Pamba tunayoipenda pwani ni adui huko juu, kwa kuwa hushika maji na kuunyang'anya mwili joto lake. Jambo hili tulifundishwa kwa uchungu. Katika safari yetu ya kwanza, siku ya pili, mvua ilitukuta tukielekea Horombo, penye mita 3,720. Kijana mmoja katika wanafunzi wetu alivaa shati la pamba, na sweta lake lilikuwa ndani ya shanta isiyofunikwa kitu, likalowa nalo. Tulipofika kambini alitetemeka hata hakuweza kushika kikombe cha chai. Tulimvua nguo zake, tukamvika zetu, tukamlaza kati yetu. Kulipokucha akateremshwa na kiongozi. Alipona, lakini kilele hakukiona. Kosa halikuwa lake. Sisi walimu tulichukua vitabu na sufuria ya ziada, wala hatukufungua shanta hata moja kuikagua.

Basi, kila nguo kavu ifungwe ndani ya mfuko usioingia maji. Mifuko ya plastiki ya sokoni ilipigwa marufuku katika Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019. Kwa hiyo tafuteni mifuko ya turubai laini. Sweta moja na soksi jozi moja ziwekwe akiba, zisiguswe mpaka usiku wa kileleni.

Viatu viwe vya buti, vimekwisha kuvaliwa nyumbani majuma kadhaa, maana kiatu kipya huchubua mguu. Mikono ipate glavu jozi mbili, nyembamba ndani na nene nje. Kofia ya sufu ifunike masikio. Miwani ya jua isisahauliwe, kwani mwanga unaorudishwa na theluji huumiza macho. Tochi iwe ya kufungwa kichwani, kwa kuwa safari ya mwisho huanza usiku wa manane. Na betri zilale pamoja nawe ndani ya mfuko wa kulalia, maana baridi huzidhoofisha. Chupa ya maji igeuzwe kichwa chini: maji huanza kuganda juu, na mdomo wa chupa hubaki wazi.

Sasa twafika penye jambo kubwa. Shanta ndogo utaibeba mwenyewe. Mzigo mkubwa atauchukua mpagazi. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kanuni za hifadhi zaweka mpaka wa kilo 20, lakini kila kitu kisicho na kazi ambacho wewe umekitia, shingo ya mtu mwingine hukilipia. Mtazameni pia yeye: je, ana buti, ana glavu, ana koti? Wapo wapagazi waliofariki kwa baridi mlimani humo kwa kukosa nguo. Baridi haimchagui aliyelipa na aliyelipwa.

Mwisho, kuna ugonjwa usiozuiwa na nguo yo yote. Kileleni mtu avutapo pumzi hupata kama nusu tu ya hewa aipatayo pwani. Akiumwa na kichwa sana, akitapika, au akipepesuka, ateremshwe mara moja, hata ikiwa ni usiku. Mtu asione haya kurudi.

Basi, vijana wetu, usiku wa kuondoka fungueni mizigo yenu mbele ya wenzenu, mkaulizane juu ya kila kitu: hiki kina kazi gani, na nani atakibeba? Mkiweza kujibu, nendeni salama. Kwaherini.