Taa za Jinja na Mfuko wa Jiji

Msafiri atokaye Kampala kuelekea mashariki huuvuka Mto Nile kwa daraja lililofunguliwa tarehe 17 Oktoba 2018. Daraja hilo lina urefu wa meta 525, nalo limeshikwa na nyaya nene zilizofungwa kwenye minara miwili, hata mgeni akilitazama kwa mbali huona kama jahazi kubwa lililotweka tanga juu ya maji. Wengi huvuka wakidhani kwamba hiyo ni kazi ya mji wa Jinja. La hasha. Daraja ni la Serikali Kuu, na lilijengwa kwa mkopo kutoka Japani. Makala yetu ya leo yahusu kazi ndogo zaidi, zinazoanza pale daraja linapokwisha: barabara za mitaa, mitaro ya maji ya mvua, soko, na taa za barabarani. Hizo ndizo mzigo wa mji wenyewe, na ndizo zinazompata mwananchi kila siku anapotoka mlangoni kwake.

Sisi tulivaao magwanda twaifahamu Jinja kwa muda mrefu. Maofisa wengi wa jeshi letu wamepita hapo kwa mafunzo, wengine katika kambi ya Gaddafi, wengine Kimaka, na kila aliyepita huondoka na kumbukumbu ya mitaa iliyonyooka kwa kamba, miti mikubwa ya kivuli, na maduka ya kale yenye baraza pana. Lakini kuna jambo moja katika mji huo ambalo hutustaajabisha kila turudipo, nalo ni taa.

Jinja ni mama wa umeme wa Uganda. Tarehe 29 Aprili 1954 Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza alifungua hapo bwawa la Owen Falls, ambalo siku hizi huitwa Nalubaale. Baadaye likajengwa la Kiira kando yake, na mwaka 2012 likazinduliwa la Bujagali chini kidogo ya mto. Nyaya zatoka hapo kwenda Kampala, na nyingine zavuka mpaka hadi Kenya. Ilhali mji uliozizaa nyaya hizo ulifika mahali ukashindwa kuwasha taa za mitaa yake, kwa sababu ankara ya umeme ilikuwa nzito kuliko mfuko wa Baraza. Dawa iliyopatikana ni taa za mwanga wa jua: kila nguzo na kibamba chake kinachonasa jua mchana, na betri yake inayolisha taa usiku. Basi mtu asimamapo Jinja leo aweza kusikia ngurumo ya maji yanayozalisha umeme wa nchi nzima, huku juu ya kichwa chake taa inakula jua. Kinyozi hajinyoi.

Ili kufahamu mambo yalivyofika hapo, hapana budi turudi nyuma. Baada ya bwawa kukamilika, Jinja ilikuwa mji wa viwanda. Palifumwa nguo, paliyeyushwa shaba iliyoletwa kwa reli kutoka Kilembe, na mashamba ya miwa ya Kakira yalikuwa jirani. Mji wa namna hiyo haukuwa na shida kubwa ya fedha. Kila jengo la biashara lilikuwa na mwenyewe, na kila mwenyewe alilipa kodi ya jengo kulingana na thamani ya pango lake. Mwaka 1972 utawala wa Amin ukawafukuza Waasia kwa notisi ya siku 90. Nyumba zilibaki zimesimama, lakini mlipaji aliondoka. Walioingia humo, aghalabu, hawakujua kwamba pamoja na ufunguo wa duka walikabidhiwa pia wajibu wa kulipia barabara iliyo mbele yake. Viwanda navyo vikadhoofika kimoja baada ya kingine. Lami isiyozibwa nyufa huharibika kama jino bovu: shimo dogo huwa kubwa, na kubwa huita jingine. Miaka ilipita kabla ya wenye majengo kuanza kurejeshewa mali zao, na mitaa ilikuwa imekwisha kuchakaa.

Ikabaki kodi ya kichwa, iliyotozwa wanaume wazima wote na wanawake wenye kipato, kila mtu kwa kadiri ya mapato yake. Kodi hiyo haikupendwa. Wazee bado husimulia jinsi watu walivyokimbilia vichakani alfajiri walipowaona watozaji, na jinsi waliokosa stakabadhi walivyokamatwa na kufungwa. Mwaka 2005 Serikali iliiondoa, na wananchi wakashangilia. Sisi hatuwezi kumlaumu aliyeshangilia. Lakini ni kweli vilevile kwamba kodi hiyo ndiyo ilikuwa uti wa mgongo wa mabaraza ya wilaya na miji, na fidia iliyotolewa na Hazina haikuliziba pengo. Mwaka huohuo sheria mpya ya kodi ya majengo ikaisamehe nyumba ambayo mwenyewe anaishi ndani yake. Kwa hiyo jumba la ghorofa la tajiri, maadamu analala humo mwenyewe, halilipi kitu, na kijumba kilichopangishwa kwa mwalimu chatozwa.

Mwaka 2008 zikaletwa kodi mbili za kufidia: kodi ya huduma za mtaa, ambayo hupanda kwa ngazi na haizidi shilingi 100,000 kwa mtu kwa mwaka, na kodi ya vyumba vya hoteli. Hapa yatupasa tuseme ukweli unaotuhusu sisi wenyewe. Sheria hiyo imewasamehe wanajeshi, pamoja na polisi na askari wa magereza. Mwalimu wa Walukuba hulipa. Mkunga wa hospitali hulipa. Sisi hatulipi, na malori yetu ni mazito kuliko baiskeli ya mwalimu. Sababu za msamaha zipo, wala hatukusudii kuzijadili hapa. Twasema tu kwamba tunapotoa maoni juu ya mashimo ya barabara za Jinja, tunayatoa tukiwa tumeketi katika gari ambalo halikuchangia kuyaziba.

Sasa msomaji atauliza: ikiwa mfuko ni mtupu hivyo, hizi barabara mpya za lami zimetoka wapi, zenye njia za waenda kwa miguu na mitaro iliyojengwa kwa mawe?

Zimetoka katika mkopo. Mwaka 2013 Benki ya Dunia iliikopesha Uganda dola milioni 150 kwa ajili ya mpango wa miundombinu ya manispaa, ufahamikao kwa kifupi USMID. Miji 14 iliingizwa, Jinja ikiwa mmojawapo pamoja na Gulu, Mbale, Mbarara, Arua na mingineyo. Mwaka 2018 zikaongezwa dola milioni 360, miji mingine minane ikaongezwa, na wilaya zinazopokea wakimbizi zikapewa fungu lao. Mpango huo ulifikia mwisho mwaka 2023. Soko kuu la Jinja, lile la ghorofa, lilijengwa upya chini ya mpango mwingine wa masoko, kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mikopo hiyo italipwa na Hazina ya Taifa. Jinja yenyewe hailipi deni. Inachopaswa kufanya ni kuitunza mali.

Lililotuvutia zaidi katika mpango wa USMID ni namna fedha zilivyogawanywa. Hazikugawiwa kama chakula cha msiba, kila mtu na sahani yake. Kila mwaka walikuja watahini kutoka nje na kuupima mji: je, mpango wa maendeleo wa miaka mitano upo? Mchoro wa mji upo? Mhandisi, mpangaji wa mji, mkaguzi wa hesabu na ofisa wa manunuzi wameajiriwa, au viti vyao ni vitupu? Makusanyo ya ndani yamepanda? Zabuni zilitangazwa kwa utaratibu? Mji uliopata maksi nyingi ulipata fedha nyingi, uliozembea ulipunguziwa. Sisi tuliopitia shule ya kadeti tulilitambua jambo hilo mara moja, kwa kuwa ni ukaguzi wa mabweni: kitanda chako kikiwa hakikutandikwa sawasawa, likizo ya Jumamosi huioni. Likaanzishwa pia baraza la mashauriano, ambamo wafanyabiashara, waendesha bodaboda na wakazi wa mitaa duni waliketi meza moja na watumishi wa manispaa kusema barabara ipi itangulie.

Baada ya barabara kuchaguliwa, safari yake ni ndefu kuliko urefu wake. Mhandisi mshauri huichora. Athari kwa mazingira huchunguzwa. Mabomba ya maji na nguzo za umeme zilizo njiani huhamishwa, na hapo ndipo miezi hupotea, kwa sababu bomba lina bwana wake na nguzo ina bwana wake, na kila bwana ana ofisi yake na saa yake ya kunywa chai. Wenye vibanda huombwa wasogee. Zabuni hutangazwa magazetini. Bahasha hufunguliwa mbele ya wote. Kamati ya tathmini hupima, kamati ya mikataba huidhinisha, na mwanasheria wa Serikali huisoma mikataba mikubwa kabla ya Karani wa Mji kutia sahihi. Mkandarasi halipwi kwa maneno: kazi iliyofanyika hupimwa, cheti huandikwa, naye hulipwa kwa cheti hicho. Na sehemu ya malipo huzuiwa mpaka kipindi cha kuangalia kasoro kipite, ili lami ikibanduka mapema arudi kuitengeneza. Mwananchi aonaye vumbi tu mbele ya duka lake huudhika, na ana haki ya kuudhika. Lakini hatua hizo zikirukwa, lami huoshwa na masika ya kwanza.

Tumetaja masika kwa makusudi. Katika shule ya kadeti tulifundishwa kwamba kabla ya kukaza kamba za hema, chimba mfereji kulizunguka. Usiku mmoja kikosi chetu kilipuuza, kwa kuwa mbingu ilikuwa nyeupe na sisi tulikuwa hoi. Saa nane za usiku tuliamka magodoro yakielea. Barabara ni hema la namna hiyo. Haiuawi na magurudumu peke yake. Huuawa na maji yaliyokosa pa kwenda. Katika mitaro mipya ya Jinja tuliona mifuko ya plastiki, maganda ya miwa na mchanga uliojaa hadi nusu ya kina. Mkopo ulioijenga mitaro hiyo haukuwa na fungu la kumlipa mtu wa kuizibua mwaka hata mwaka.

Ni nani basi alipaye? Uganda ilikuwa na Mfuko wa Barabara, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008, na nia ilikuwa ushuru wa mafuta ya magari uingie humo moja kwa moja. Haikuwa hivyo: fedha ziliendelea kupitia Hazina, na mwaka 2024 Mfuko ukarudishwa ndani ya Wizara ya Ujenzi. Baraza hupokea kiasi lipangiwacho, likaongezea vijisenti vya maegesho, leseni za biashara na meza za sokoni.

Na mwaka 2020 mzigo uliongezeka. Tarehe 1 Julai Jinja ilipewa hadhi ya jiji, na mipaka yake ikapanuliwa kumeza Bugembe, Mafubira na Budondo. Jiji likagawanywa sehemu mbili, ya Kaskazini na ya Kusini. Budondo ni mashamba na njia za udongo mwekundu. Mkulima wa huko alilala mwanakijiji akaamka mtu wa jiji, naye sasa adai lami kama wenziwe wa mjini. Walukuba, mtaa uliojengwa zamani kwa ajili ya wafanyakazi wa viwandani, nao wasema wao walitangulia kungoja. Masese vilevile. Diwani akipeleka fedha kwenye barabara mpya, hupigiwa makofi siku ya uzinduzi. Akizipeleka kwenye mitaro ya barabara ya zamani, hakuna wa kumpigia makofi, maana mtaro uliozibuliwa haufunguliwi kwa kukata utepe.

Jioni yetu ya mwisho tulitembea mtaani baada ya jua kuzama. Taa ziliwaka zenyewe, moja baada ya nyingine, na chini ya kila taa palikuwa na biashara: gonja za kuchoma, mahindi, viatu vya mitumba, kijana mwenye mashine ya kunyoa. Kati ya nguzo hizo moja haikuwaka. Mama mmoja muuza mahindi alitueleza kwamba hapo ndipo palipokuwa mahali pake. Betri ilipokufa alisubiri wiki kadhaa, kisha akaubeba mkaa wake na jiko lake akahamia chini ya nguzo ya pili, ambako ilimlazimu kuelewana na mwenzake aliyetangulia. Tulimwuliza kama amekwisha kupeleka habari kwa Baraza. Alisema amepeleka, naye amejibiwa kwamba betri imeandikwa katika makisio ya mwaka ujao.