Je, mlinda mlango anaweza kustahili tuzo ya mchezaji bora wa ligi?

MSIMU wa 2023/24 wa Ligi Kuu Tanzania Bara ulipofikia tamati, Coastal Union ya Tanga ilikuwa katika nafasi ya nne, nyuma ya Yanga, Azam na Simba, na mkononi ilikuwa na tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika.

Kwa Tanga, hilo halikuwa jambo dogo. Coastal, mabingwa wa mwaka 1988, walishuka daraja mwaka 2016 wakiwa pamoja na ndugu zao wawili wa mkoa huo huo, African Sports na Mgambo JKT. Timu tatu za mkoa mmoja zilianguka kwa msimu mmoja. Wagosi wa Kaya walirejea Ligi Kuu mwaka 2018.

Aliyetajwa zaidi katika mafanikio hayo ya 2023/24 hakuwa mshambuliaji. Alikuwa mlinda mlango Ley Matampi, raia wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, ambaye alimaliza msimu akiwa na mechi 15 bila nyavu zake kutikiswa, moja zaidi ya Djigui Diarra wa Yanga. Matampi alitunukiwa tuzo ya kipa bora. Tuzo ya mchezaji bora wa ligi ilikwenda kwa Stephane Aziz Ki wa Yanga, aliyefunga mabao 21.

Hakuna aliyeshangaa, na pengine hapo ndipo penye swali. Iwapo thamani ya mchezaji hupimwa kwa kile anachoiletea timu yake, je, mtu ambaye kazi yake yote ni kuzuia anaweza kuwekwa kwenye mizani moja na anayefunga?

Hesabu ya ligi haiko dhidi ya kipa kama inavyodhaniwa. Bao moja haliihakikishii timu chochote, kwani timu hufunga mabao mawili na bado ikapoteza mchezo. Lakini mechi ambayo timu haikuruhusu bao haiwezi kupotea. Angalau pointi moja ipo, na bao moja tu linaigeuza kuwa pointi tatu. Mechi 15 za namna hiyo ziliipa Coastal pointi zisizopungua 15, zaidi ya theluthi moja ya pointi 43 ilizokusanya.

Mabao nayo hayana uzito sawa. Novemba 2023 Yanga iliifunga Simba 5-1, na Aziz Ki alikuwa miongoni mwa wafungaji. Mashabiki wa Jangwani hawataisahau siku ile, lakini katika msimamo wa ligi ushindi huo uliingia kama pointi tatu, sawasawa na ushindi wa 1-0. Kwa timu isiyo na mabao mengi, kama ilivyokuwa Coastal, kila bao lililozuiwa lina bei kubwa kuliko bao la nne au la tano la timu tajiri.

Hata hivyo, upo upande wa pili, nao ni mzito. Mechi bila kufungwa si mali ya kipa peke yake. Mbele ya Matampi walikuwapo mabeki kama Lameck Lawi, ambaye katikati ya mwaka 2024 usajili wake ulizua mvutano kati ya Coastal na Simba. Kipa anaweza kutoka uwanjani na nyavu safi bila kudaka shuti moja la maana, na mwingine akaokoa mashuti manane kisha akafungwa la tisa. Takwimu inayotangazwa humpongeza wa kwanza na kumsahau wa pili. Kwa hiyo anayetaka kumtetea Matampi asiishie kwenye namba 15. Aoneshe ni mashuti mangapi yaliyolenga lango, na mangapi kati ya hayo kipa wa kawaida angefungwa.

Wapiga kura, kwa haki yao, hawajawahi kuwa vipofu kabisa kwa wachezaji wa nyuma. Msimu wa 2015/16 mchezaji bora alikuwa Juma Abdul, beki wa kulia wa Yanga, na msimu uliofuata alikuwa Mohamed Hussein ‘Tshabalala’, beki wa kushoto wa Simba. Lakini wote wawili walitoka Kariakoo, na wote ni mabeki wanaopanda mbele na kumimina krosi.

Nje ya nchi milango imewahi kufunguka, japo kwa nadra. Lev Yashin wa Umoja wa Kisovyeti alitwaa Ballon d'Or mwaka 1963. Oliver Kahn wa Ujerumani alitangazwa mchezaji bora wa Kombe la Dunia la 2002, ingawa katika fainali aliutema mpira ulioishia kwa Ronaldo na kuwa bao.

Mfano wa ajabu zaidi unatoka katika soka ya Marekani, ule mchezo wa mpira wa mviringo wa yai. Huko yupo mchezaji anayeingia uwanjani kwa dakika chache tu, apige mpira upite kati ya nguzo mbili, kisha atoke. Mwaka 1982 mpigaji wa aina hiyo, Mark Moseley wa Washington, alipewa tuzo ya mchezaji mwenye thamani kuliko wote baada ya kufunga mikwaju 20 kati ya 21. Msimu ule ulikuwa umefupishwa na mgomo wa wachezaji hadi mechi tisa kwa kila timu, na wapo wanaoubeza ushindi wake hadi leo.

Wamarekani wanauliza nani ana thamani kubwa kwa timu yake. Sisi tunauliza nani bora. Maswali hayo yanafanana, lakini hayana jibu moja. Aziz Ki alikuwa bora, na ni vigumu kumnyang'anya sifa hiyo. Kwa swali la thamani, jina la Matampi lilistahili angalau kujadiliwa.

Kilichomzuia ni tuzo yake mwenyewe. Tuzo ya kipa bora, iliyokusudiwa kumheshimu mlinda mlango, imegeuka uzio: akishapewa hiyo, huonekana amekwisha kulipwa, wala hakuna anayemfikiria kwa ile kubwa. Mfungaji bora hawekewi uzio wa namna hiyo. Aziz Ki aliondoka na zote mbili. Na kwa klabu ya mkoani isiyo na fedha za kununua washambuliaji wa bei mbaya, kipa na mabeki ndio mtaji, hivyo nyota wake huanza mbio hizo wakiwa nyuma hatua mbili.

Agosti 2024 Coastal iliingia Kombe la Shirikisho na kupangwa na Bravos do Maquis ya Angola. Ilifungwa 3-0 ugenini. Katika marudiano nyumbani haikuruhusu bao hata moja, lakini nayo haikufunga, ikatolewa.