Albamu Mpya Zafika Nakivale Vipandevipande

Albamu ya rumba ya Kikongo haijawahi kuogopa urefu. Formule 7 ya Fally Ipupa, iliyotoka Desemba 2022, ina nyimbo zaidi ya 20, na Koffi Olomide naye mwaka huohuo aliachia Légende, kazi nyingine nene. Ni muziki wa kumpa mtu mchana mzima. Lakini katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, mwendo wa kilomita kama 60 kutoka Mbarara, albamu kama hiyo hufika imekatwakatwa: nyimbo tatu kwenye memori kadi ya huyu, mbili kwenye flashi ya yule, na ule wa harusi kwenye simu ya kila mtu.

Chanzo ni bando. Uganda ilianza Julai 2018 kutoza shilingi 200 kwa siku kila aliyetumia mitandao ya kijamii. Julai 2021 kodi hiyo ikaondolewa, mahali pake ikaja asilimia 12 juu ya bei ya data yenyewe. Spotify ilifungua huduma zake nchini mwaka huohuo wa 2021. Kwa kijana wa Kampala mwenye mshahara hiyo ilikuwa habari njema. Kwa familia inayopiga hesabu ya mgawo wa chakula, kusikiliza albamu nzima mtandaoni ni anasa. Kwa hiyo kibanda cha kuchaji simu ndicho duka la muziki: unatoa kadi yako, unataja msanii, unajaziwa. Kisheria huo ni wizi, tusidanganyane. Ila hakuna msambazaji mwingine anayefika huko.

Nakivale ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda. Leo ina zaidi ya watu laki moja, Wakongomani wakiwa wengi zaidi, pamoja na Warundi, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea. Kiswahili kinawavusha wengi, na bongo fleva inapita humohumo. Only One King ya Alikiba ya 2021 na First of All ya Diamond Platnumz ya 2022 hazikuhitaji mkalimani. Wala Innoss'B, mtoto wa Goma, hakumhitaji alipomshirikisha Diamond katika Yope mwaka 2019, wimbo ulioziunganisha Kivu na Dar es Salaam kuliko mikutano mingi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ukishuka Mbarara, redio zinamcheza Ray G kwa Runyankole. Huyo ndiye nyota wa karibu, na ni ushahidi kwamba mtu anaweza kutamba bila kuhamia Kampala.

Lakini wanaotengeneza albamu kwa maana yake ya zamani ni wanakwaya. Kwaya za Kiswahili, toka Bukavu hadi Dodoma, bado huhesabu kazi zao kwa volumu: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Waimbaji huchanga kidogokidogo, kanisa hufanya harambee, sare hushonwa kwa ajili ya video, na studio huingiwa nyimbo zikiwa zimeiva kwa sababu saa zake hulipiwa. Kioo cha wengi katika ukanda huu ni Ambassadors of Christ wa Remera, Kigali, Wasabato waliovuka mipaka kwa wimbo wao Kwetu Pazuri. Mwaka 2011 ajali ya barabarani nchini Tanzania iliwaua wenzao watatu, lakini kwaya haikuvunjika. Kurasa za burudani hazizungumzi kuhusu volumu za kwaya, na hapo tunajinyima, maana ndizo albamu zinazosikilizwa toka mwanzo hadi mwisho.

Upo pia muziki usiosubiri albamu. Delcat Idengo aliimba kwa Kiswahili cha Kivu, akawachapa wakubwa kwa maneno, akafungwa. Februari 2025 aliuawa kwa risasi mjini Goma, wiki chache baada ya waasi wa M23 kuuteka mji huo. Aliyeikimbia vita ileile hazihifadhi nyimbo za namna hiyo kwa ajili ya kucheza.

Sasa pesa. Wanamuziki wa Kongo wana mabanga: unamlipa mwimbaji, jina lako linatajwa ndani ya wimbo. Wapo wanaoidharau desturi hiyo, lakini angalau mwimbaji analipwa kabla wimbo haujaibwa. Anayerekodi akiwa mkimbizi mara nyingi hudhani kwamba, kwa kuwa hana uraia wa Uganda, wimbo wake nao ni yatima. Sivyo. Ibara ya 14 ya Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 inampa katika kazi za sanaa ulinzi uleule anaopewa raia wa nchi anamoishi. Sheria ya hakimiliki ya Uganda ya 2006 hulinda wimbo tangu uandikwe au urekodiwe. Usajili unabaki kuwa silaha ya ushahidi, na ofisi ya taifa ya usajili, URSB, ina tawi Mbarara. Mirabaha hukusanywa na chama cha UPRS.

Basi, wewe msanii wa Nakivale, siku utakayopanda teksi kwenda studio Mbarara, beba pia mashairi yako yaliyoandikwa na kitambulisho chako cha ukimbizi, upitie kwenye tawi hilo kabla wimbo haujafika kibandani.