Taa wa Tasmania na Maji Yaliyopungukiwa Hewa

Wenyeji wa pwani wamjua taa, samaki bapa alalaye mchangani, mwenye mwiba wa sumu mkiani. Huko Tasmania, kisiwa kilicho kusini ya Australia, yuko taa wa namna nyingine. Huyu hana mwiba wa sumu, wala hazai watoto walio hai. Hutaga mayai katika vifuko vigumu mfano wa ngozi, na yai hukaa miezi kama 7 kabla ya kuanguliwa. Urefu wake haupiti futi 3. Wataalamu walimgundua mwaka 1988, wakampa jina la elimu mwaka 2007. Leo makao yake yajulikanayo ni karibu ghuba moja tu, iitwayo Macquarie Harbour.

Ghuba hiyo ni ya ajabu. Mlango wake ni mwembamba, tena hauna kina. Mito humwaga ndani yake maji meusi kama chai ya rangi, na kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, hukaa juu kama kifuniko. Basi hewa ya juu haifiki chini kwa urahisi. Taa huyu hukaa topeni, hasa kwenye kina cha futi 16 hata 50, akila kaa.

Tangu miaka ya 1980 watu wafuga samaki aina ya samoni humo katika vizimba vya nyavu, na baada ya 2012 ufugaji ulizidishwa sana. Mwenye bwawa la perege ataelewa mara moja. Ukitia samadi kupita kiasi, alfajiri wawaona samaki wakitweta juu ya maji, maana uozo umekula hewa yote. Ndivyo mavi na mabaki ya chakula cha samoni yafanyavyo. Samoni huogelea karibu na juu. Ashikwaye kwanza ni taa, asiye na pa kwenda.

Kati ya 2014 na 2021 kipimo cha wingi wa taa hao kilipungua karibu nusu. Si vizimba peke yake: mabwawa ya umeme yamebadili mwendo wa mto Gordon, na maji yamezidi joto. Lakini vizimba ndivyo viwezavyo kupunguzwa upesi, ingawa, tusisahau, watu hupata mishahara kwavyo.

Tangu 2024 wajaribu kutia hewa majini kwa mashine. Mwaka huohuo yai lililotagwa tangini lilianguliwa, mara ya kwanza kabisa.