Lubumbashi: Vazi linapogeuka shaba

Katika soko la Kenya, mjini Lubumbashi, mama anayenunua kikwembe hukikunjua kwanza, hukiweka begani, huangalia michoro yake, ndipo huuliza bei. Msanii Sammy Baloji, aliyezaliwa mjini humo mwaka 1978, naye huangalia michoro ya vitambaa, lakini yeye huihamishia kwenye shaba.

Mwaka 2017 alitengeneza mabamba ya shaba yenye alama za vitambaa vya kifahari vya ufalme wa Kongo, vilivyofumwa kwa nyuzi za rafia katika karne ya 17 na ya 18. Alama hizo zimegeuzwa: palipoinuka kwenye kitambaa, pamebonyea kwenye shaba. Ni kama kitambaa kimeondoka na kuacha nafasi yake tu. Na kweli kimeondoka. Vingi vya vitambaa hivyo vilivuka bahari zamani, na leo vimo katika makumbusho ya Ulaya, kama vile Roma na Copenhagen.

Miaka miwili kabla yake, Baloji aliweka juu ya shaba chale za miili ya watu, katika kazi iitwayo "Sociétés secrètes". Hilo si geni kwa Katanga. Wachongaji wa Kiluba wa zamani hawakuhangaika kuzivika sanamu zao za wanawake nguo nyingi. Chale za tumboni na nywele zilizosukwa kwa ufundi ndizo zilizokuwa vazi, nazo zilichongwa kwa uangalifu kuliko hata miguu.

Kinyago cha kifwebe, cha Wasongye na Waluba, kilipata hasara zaidi. Mchezaji wake alifunikwa mwili mzima kwa vazi la kufumwa na ndevu ndefu za rafia. Wakusanyaji wa Kizungu mara nyingi walichukua mti na kuacha nguo, ndiyo maana nyuma ya vioo huonekana uso mtupu, usio na mwili.

Lubumbashi ilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911, na nyingi ilisafirishwa nje. Kazi za Baloji nazo zimesafiri: mwaka 2022 zile zinazohusu vitambaa vya Kongo zilionyeshwa katika jumba la Pitti, mjini Florence, Italia.

Nyumbani, yeye na wenzake wa kituo cha Picha walianzisha mwaka 2008 maonyesho makubwa ya sanaa ya Lubumbashi, ambayo vijana wa mji huyafuata. Ila kijana anayetaka kuviona vitambaa vilivyoko Roma, lazima kwanza aombe viza.